Nani Anashika Rimoti?

Somo la vikundi: televisheni, mwanamume na mwanamke

Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya kushikika: mitaro ya shamba, ndengu, matangi ya maji, mbuzi wa maziwa. Leo tunachukua kitu kingine ambacho kiko nyumbani, kinakula umeme, kinakula wakati, na mara nyingi hatukiulizi swali hata moja. Kitu hicho ni televisheni.

Pengine utasema, "Aa, hiyo ni ya kupumzisha akili tu. Kuna nini cha kusoma hapo?" Ngoja kidogo. Mtoto akikaa mbele ya televisheni saa mbili kila jioni, kwa mwaka mmoja amekaa saa 730. Hakuna mjomba wala shangazi anayempa mtoto huyo saa 730 za mazungumzo. Kwa hivyo tukitaka kujua mtoto anajifunza wapi mwanamume ni mtu wa namna gani, na mwanamke ni mtu wa namna gani, hatuwezi kukiruka hicho kisanduku.

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili kikundi kiweze (1) kueleza kwa nini wataalamu wanachunguza televisheni, (2) kuhesabu na kuandika kile kinachoonyeshwa, na (3) kuzungumza bila ugomvi juu ya mambo yaliyoonekana.

1. TUANZE NYUMBANI

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, lakini kwa miaka mingi ilikuwa jambo la Nairobi na miji mingine. Huku kwetu Kitui redio ndiyo ilitangulia. Baadaye aliyekuwa na televisheni aliiwasha kwa betri ya gari, na betri ikiisha inabebwa kwenda sokoni kuchajiwa. Halafu kukaja sola, stima, na mwaka 2015 mitambo ya zamani ikazimwa, ikawa ni lazima uwe na king'amuzi. Leo vijana wengi wanatazama kwenye simu. Chombo kimebadilika, lakini maswali ni yale yale.

Tuchukue mfano. Si nyumba ya mtu fulani, msianze kutazamana. Ni saa moja jioni. Baba ametoka sokoni Matinyani, ameketi kwenye kiti chake, anatazama habari. Kijana wa kiume amekaa chini karibu naye, rimoti iko mkononi mwake. Mama yuko jikoni, muthokoi haujaiva. Msichana anaosha vyombo. Mama anasikia sauti ya televisheni kupitia mlangoni, anauliza, "Wamesema nini juu ya mvua?" Anajibiwa, "Imepita."

Mnajua nyumba hiyo, sivyo? Basi, jambo hili limeandikwa na mtaalamu, na hakuliandika Kitui. Mwaka 1986 Mwingereza mmoja, David Morley, alitoa kitabu juu ya familia 18 za kusini mwa London. Aliwauliza mnatazamaje televisheni. Akaona kwamba katika nyumba nyingi rimoti ilikuwa ya baba, na baba asipokuwepo inashikwa na kijana wa kiume. Akina baba walipenda kutazama kwa utulivu, bila kelele. Akina mama walitazama huku wakifanya kazi nyingine, na wengine walisema wanaona kama wana makosa wakikaa tu kutazama.

Morley alieleza sababu yake. Kwa mwanamume aliyeajiriwa, nyumbani ni mahali pa kupumzika. Kwa mwanamke, hata yule mwenye kazi ya nje, nyumbani bado ni mahali pa kazi. Kwa hivyo hata wakiwa chumba kimoja, mbele ya kipindi kimoja, hawako mahali pamoja.

Hebu tulete hilo huku kwetu. Mama aliyeamka alfajiri kwenda kutafuta maji, akarudi, akaenda kwenye kazi ya mwethya, jioni akasuka kiondo, yeye anapata saa ngapi ya kutazama kitu alichokichagua mwenyewe?

2. WATAALAMU WALIANZIA WAPI

Zamani wasomi wa vyuo vikuu walidharau vipindi vya kila siku. Walisoma vitabu vikubwa na siasa. Tamthilia za jioni walisema ni upuuzi wa wanawake. Kuanzia miaka ya 1970 mambo yalibadilika, na wanawake wasomi ndio walisukuma sana.

Mmoja ni Gaye Tuchman wa Marekani. Mwaka 1978 alieleza kwamba televisheni na magazeti zinaweza kumfuta mwanamke kwa njia tatu: kutomwonyesha kabisa, kumwonyesha kama kitu kidogo kisicho na maana, au kumlaani kwa sababu ametoka nje ya mahali alipowekwa. Shikeni hizo njia tatu, tutazitumia.

Mwingine ni Dorothy Hobson wa Uingereza. Kulikuwa na tamthilia moja iliyoitwa Crossroads, ambayo wakubwa walikuwa wanaicheka. Badala ya kuandika kutoka ofisini, Hobson alikwenda nyumbani kwa akina mama, akaketi nao, akatazama pamoja nao huku wakiwalisha watoto na kupika. Kitabu chake kilitoka 1982. Alionyesha kwamba mtazamaji si debe tupu linalomiminiwa maji. Kila mtu anakuja na maisha yake, anapokea hili, anakataa lile, anaongeza la kwake.

Kabla yao, mwaka 1973, Stuart Hall, mtu wa asili ya Jamaika aliyefundisha Uingereza, alikuwa ameeleza kwamba kuna namna tatu za kupokea kipindi. Kuna anayekubali yote. Kuna anayekubali mengine na kubishana na mengine. Na kuna anayekataa kabisa, anasema, "Huyu ananidanganya."

3. MFANO WA HAPA KWETU: OJWANG NA MAMA KAYAI

Tuyapime maneno hayo kwa kipindi tunachokijua. Nani hajatazama Vitimbi ya KBC? Mzee Ojwang Hatari, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Benson Wanjau na aliyefariki mwaka 2015, na bibi yake Mama Kayai, walituchekesha miaka mingi. Mzee ana ujanja wake. Mama ana ulimi wake. Wanagombana, sisi tunashika mbavu.

Sasa swali la somo: tulikuwa tunamcheka nani?

Baba mmoja anaweza kusema, "Naona vile mabibi walivyo na kelele." Huyo amepokea kipindi kwa namna moja. Mama aliyeketi karibu naye anaweza kusema, "Mimi namwona mwanamke ambaye mzee akikosea anamwambia wazi, na nyumba haianguki." Kipindi ni kile kile, kicheko ni kile kile, lakini mafundisho ni mawili. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwa haraka kwamba kipindi fulani ni kizuri au kibaya. Lazima tuulize waliokitazama.

Chukueni pia Vioja Mahakamani. Kwa miaka mingi hakimu wa mahakama ile alikuwa mwanamke, Lucy Wangui. Kila wiki wanaume wazima walisimama mbele yake, wakajitetea kwa uongo wao wote, wakamwita mheshimiwa. Kenya ilipata Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke, Martha Koome, mwaka 2021. Hatusemi kipindi ndicho kilichomweka. Lakini mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kufika kortini alikuwa tayari amemwona mwanamke kwenye kiti hicho, na hakushangaa.

Kuna upande mwingine, na hapa ndipo pazito. Katika vichekesho vingi, vya zamani na vya sasa vya kwenye simu, mtu akipigwa kofi nyumbani inakuwa sehemu ya kuchekesha. Watu wote sebuleni wanacheka. Lakini inawezekana kwamba katika sebule hiyo hiyo kuna mmoja ambaye kofi si hadithi kwake. Anacheka na wengine kwa sababu asipocheka ataulizwa kwa nini. Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kumlinda mtu dhidi ya dhuluma za nyumbani. Lakini mtu ambaye amefundishwa miaka ishirini kwamba jambo hili ni la kuchekesha, atakwenda kushtaki kitu gani?

4. KUHESABU: KAZI AMBAYO HATA SISI TUNAWEZA

Kuna uchunguzi mmoja ambao haukufanywa na maprofesa peke yao, na ambao unatufaa sana. Tarehe 18 Januari 1995, watu wa kujitolea katika nchi 71 walikaa siku moja na kuhesabu: katika habari za leo za redio, televisheni na magazeti, wanaume ni wangapi na wanawake ni wangapi? Jibu lilitoka: katika kila watu 100 waliotajwa au kuhojiwa, wanawake walikuwa 17 tu.

Hesabu hiyo imerudiwa kila baada ya miaka mitano, na kwa muda mrefu imesimamiwa na WACC, jumuiya ya Wakristo wa mambo ya mawasiliano. Mwaka 2020, katika nchi 116, wanawake walikuwa 25 katika 100. Yaani kwa miaka 25 wameongezeka wanane. Kwa mwendo huo, piga hesabu mwenyewe utafika nusu kwa nusu lini.

Matokeo ya kwanza yalipelekwa Beijing, China, mwezi wa Septemba 1995, kwenye Mkutano wa Nne wa Dunia juu ya Wanawake. Mkutano huo ulipitisha mpango wa kazi, na sehemu moja nzima ya mpango huo ni juu ya wanawake na vyombo vya habari.

Na hapa, wapenzi wasomaji, habari inarudi mpaka mlangoni petu. Ujumbe wa Kenya kule Beijing uliongozwa na nani? Na Nyiva Mwendwa, mbunge wa Kitui Magharibi, yaani mbunge wa Matinyani hii. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1974, akarudi bungeni 1992, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa waziri kamili, Waziri wa Utamaduni na Huduma za Jamii.

Lakini waulize watu wazima wanakumbuka nini juu ya safari hiyo. Wengi watakuambia jambo moja: msusi wa nywele. Magazeti yaliandika kwamba waziri alisafiri na msusi wake, na habari hiyo ikakaa midomoni kwa miaka. Kuuliza pesa za umma zimetumikaje ni haki ya kila raia, na waziri mwanamke hana msamaha hapo. Lakini tupime. Mawaziri wanaume wamesafiri na misafara mingapi, na ni ipi tunaikumbuka kwa sababu ya nywele au suti? Na yale yaliyopitishwa Beijing juu ya mali, masomo, afya na dhuluma, ni wangapi wanaweza kutaja moja?

Rudini kwa zile njia tatu za Gaye Tuchman. Mtu anaweza kuonyeshwa sana kwenye habari na bado akafutwa, ikiwa kinachoonyeshwa ni kichwa chake kwa nje na kilichomo ndani kikaachwa.

5. HADITHI INAWEZA KUJENGA PIA

Tusilaumu tu. Mwaka 1987 Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 inaitwa KBC, ilionyesha tamthilia ya Kiswahili iliyoitwa Tushauriane. Wakati huo huo redioni kukawa na Ushikwapo Shikamana. Hadithi hizo zilihusu familia na mpango wa uzazi, na waliolengwa hasa walikuwa akina baba, kwa sababu mama peke yake angekuwa anaamua nini na baba hajakubali? Tunajua makanisa na watu wana maoni mbalimbali juu ya njia za kupanga uzazi. Lakini jina lenyewe la ile tamthilia ni somo: tushauriane.

Uchunguzi mzuri zaidi ulifanywa kwa jirani zetu wa Tanzania. Bara yao ilipata televisheni mwaka 1994 tu, kwa hivyo hadithi ilikuwa ya redio. Iliitwa Twende na Wakati, na ilianza 1993. Kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, ambaye mwishowe anapata UKIMWI. Na kulikuwa na bibi yake, Tunu, ambaye mwanzoni anavumilia tu, lakini pole pole anasimama na kuanza biashara yake.

Wachunguzi walifanya jambo la busara. Kuanzia 1993 mpaka 1995 hadithi ilisikika sehemu nyingi za nchi, lakini mtambo wa Dodoma haukuitangaza. Kwa hivyo waliweza kulinganisha, kama vile sisi tunavyoweka mbolea upande mmoja wa shamba na kuacha upande mwingine. Waliona kwamba mahali hadithi iliposikika, mume na mke walizidi kuzungumza juu ya uzazi, na kuna waliochukua hatua. Baadaye Dodoma nayo ikatangaziwa.

Na televisheni je? India, katika vijiji 180, wachunguzi wawili, Robert Jensen na Emily Oster, walifuatilia familia kuanzia 2001 hadi 2003 wakati televisheni ya waya inaingia. Katika vijiji vilivyoipata, wanawake waliosema ni sawa mume kumpiga mke walipungua, na waliopendelea kupata watoto wa kiume walipungua pia. Mtu atauliza: je, walibadilika, au walijua tu jibu la kumpa mgeni? Swali zuri. Kusema ni kitu kimoja na kutenda ni kingine, na kwa mambo hayo mawili uchunguzi huo uliuliza maoni. Hata hivyo, mtu akiacha kusema "kupigwa ni kawaida", kuna mlango umefunguka.

Tazameni kwamba hadithi za Tanzania hazikufanya kazi kwa kumhubiria mtu. Zilimpa mume na mke kitu cha kuzungumza ambacho si wao wenyewe. Ni rahisi kusema "umemwona Mkwaju?" kuliko kusema "wewe unatembea nje." Maneno ya hadithi yanabeba mzigo ambao mdomo unaogopa kuubeba.

6. KAZI YA KIKUNDI

Mnahitaji daftari, kalamu na jioni tatu. Msiende na hasira. Nenda kama mtu anayehesabu mbuzi.

Jioni ya kwanza: habari. Chora mistari ya kugawa ukurasa mara mbili, wanaume na wanawake. Kila anayeongea kwenye habari, weka alama. Halafu andika aliitwa nani: waziri, daktari, mkulima, au "mama wa watoto watatu". Je, kuna mwanamume aliyeitwa "baba wa watoto watatu"?

Jioni ya pili: tamthilia au kichekesho. Jibuni haya: Nani ana pesa, na alizipataje? Nani anaamua? Nani anapigwa, na watazamaji wanatakiwa kucheka au kulia? Mwanamke mwenye kazi nzuri anafikia mwisho gani? Mwanamume mpole anafikia mwisho gani? Msisahau swali hilo la mwisho, kwa sababu vijana wetu wa kiume nao wanafundishwa kwamba mwanamume asiye mkali si mwanamume. Na hili la kwetu: mlimwona mama anayeongoza nyumba peke yake kwa sababu mzee yuko kazini Mombasa? Nyumba kama hizo Ukambani ni nyingi. Kama hayupo kwenye hadithi, ni nani aliyemwacha nje?

Jioni ya tatu: nyumba yako. Nani alishika rimoti? Nani alikaa kutoka mwanzo mpaka mwisho? Nani alisimama, mara ngapi, kwenda kufanya nini?

Shauri kwa kiongozi wa kikundi: mkikutana, gawanyeni kwanza akina mama peke yao na akina baba peke yao, na vijana vile vile. Halafu leteni majibu pamoja. Mkianza wote pamoja, wazee wataongea na wengine watasema "ni hivyo hivyo". Msimlazimishe mtu kueleza mambo ya nyumbani kwake. Zungumzeni juu ya watu wa kwenye hadithi. Mtu akitokwa na machozi au akinyamaza sana, msimwulize mbele ya watu. Mtembelee baadaye.

Mkiwa na nguvu, chagueni sehemu moja ya tamthilia mwiigize wenyewe, lakini mbadilishe mwisho. Baba aigize mama, mama aigize baba. Mtacheka sana, na hiki kicheko ni tofauti.

7. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni mtu gani wa kwenye televisheni ambaye ungependa msichana wako awe kama yeye? Na kijana wako?
2. Taja kichekesho ambacho zamani ulikicheka na leo huwezi. Ni nini kimebadilika?
3. Kama kungekuwa na tamthilia juu ya Matinyani, ianze na nani? Ni kazi gani ya mwanamke ambayo lazima ionekane? Ni kazi gani ya mwanamume?
4. Kiongozi mwanamke akikosea, tunamlaumu kwa kosa lake, au kwa nguo na nywele?
5. Katika nyumba yako, ni nini kinaweza kufanywa ili yule anayepika naye aketi kutazama?

Wapenzi wasomaji, kuzima televisheni si jibu, kwa maana mtoto ataikuta kwa jirani au kwenye simu. Jibu ni kutotazama peke yako. Baada ya kipindi, kabla ya kulala, uliza watu wa nyumbani swali moja tu: "Yule mtu, alifanya vizuri?" Halafu nyamaza, usikilize. Siku moja mmoja wao atasema, "Mimi sikucheka." Akisema hivyo, usimkatize.

Andikeni hesabu zenu kwenye daftari la kikundi, mje nazo mkutano ujao. Na wewe baba unayesoma hapa, leo saa moja jioni mama akiuliza kutoka jikoni wamesema nini juu ya mvua, usimwambie imepita. Mwite aje, na wewe uende ukakoroge chungu.